Kumiliki, kubeba au kushika? Kitenzi kinapotupigia kura

Kila mauaji ya watu wengi kwa bunduki yanapotokea Marekani, sisi tunaoandika na kusoma habari kwa Kiswahili huwa na sentensi yetu tayari: "Mjadala kuhusu haki ya kumiliki bunduki umezuka upya." Imezoeleka mno hivi kwamba hakuna mhariri anayeinyooshea kidole. Nomino zake zinaeleweka na sarufi yake haina dosari. Lakini ndani yake mna kura iliyokwisha kupigwa, na aliyeipiga ni kitenzi.

Suala hili lilinikaa akilini majuzi nikiwa Biashara Street hapa Mombasa, mtaa ambao wengi huenda kununua leso nami huenda zaidi kuzisoma. Muuzaji mmoja, mzee ambaye sisi wadogo wake humwita ami, alikuwa akisikiliza ujumbe wa sauti kutoka kwa mpwawe anayeishi Columbus, Ohio. Kijana alikuwa akisimulia jinsi alivyosimama foleni dukani nyuma ya mtu mwenye bastola kiunoni, na hakuna aliyeshtuka. Ami akaiweka simu juu ya marobota, akanigeukia.

"Mwalimu, hebu nieleza. Huku kwetu bawabu akesha usiku kucha na rungu. Yule kule abeba bastola kama abebavyo simu, kisha aambiwa ni haki yake. Haki hiyo ampa nani?"

Jibu la haraka ni Katiba ya Marekani. Lakini ukitaka kumjibu ami kwa Kiswahili sanifu, kwa kumtafsiria maneno yenyewe yanayoitoa hiyo haki, utagundua kuwa huwezi kutafsiri kabla hujachagua upande. Hilo ndilo ninalotaka tulitazame leo.

Leso ina pindo, ina mji, na ina jina, yaani maneno machache yaliyopigwa chapa upande wa chini. Duka la Kaderdina Hajee Essak, ambalo chapa yake ya Mali ya Abdulla inajulikana pwani nzima, limekuwa katika biashara hiyo tangu 1887. Muda wote huo wanawake wa Mombasa wamejua jambo ambalo mawakili hulisomea kwa miaka: maneno yakiwa machache, ugomvi wa maana huwa mkubwa. Jina la leso halimtaji mtu. Aliyeinunua ana mtu wake moyoni, jirani anayeisoma anajiona yeye, na mkewe wa pili, kama yupo, ana tafsiri yake. Kila mmoja huapa kuwa amesoma sawasawa.

Marekebisho ya Pili ya Katiba ya Marekani, yaliyoidhinishwa tarehe 15 Desemba 1791, ni jina la leso la namna hiyo. Kwa Kiingereza ni maneno 27 tu. Hata koma zake hazilingani katika nakala za zamani, na koma hizo zimepigiwa kelele mahakamani. Nusu ya kwanza inataja kikosi cha raia chenye utaratibu mzuri kuwa ni cha lazima kwa usalama wa dola huru. Nusu ya pili inasema kwamba haki ya watu ya kuweka silaha, na ya kufanya jambo jingine nazo, haitaingiliwa. Hilo jambo jingine ndilo kiini cha kesi.

Kitenzi cha Kiingereza kilichotumiwa hapo kina maana mbili. Ya kwanza ni kuchukua kitu mwilini, kama mtu anavyochukua mzigo. Ya pili hujitokeza kitenzi hicho kinapoandamana na silaha: huwa nahau ya kijeshi, yaani kuingia vitani au kutumika jeshini. Kiingereza kimezifungia maana hizo mbili katika neno moja. Kiswahili kimezitenga. Tuna kubeba silaha, na tuna kushika silaha.

Tofauti yao si ya mikono. Anayebeba bunduki anayo begani au kiunoni. Pengine anaipeleka kwa fundi. Anayeshika silaha amejiunga na jambo, na aghalabu yuko na wenzake. Tukisema wazee wetu wa Mau Mau walishika silaha, hatuelezi walichokuwa nacho viganjani. Wengi wao hawakuwa na bunduki kabisa. Walikuwa na panga na mikuki, na bado kauli ni sahihi. Kwa upande mwingine, mtu anayekwenda peke yake kuwinda ngiri hashiki silaha. Huchukua bunduki yake akaenda.

Sasa twende Washington. Tarehe 26 Juni 2008 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya Heller, iliyohusu sheria ya mji huo iliyopiga marufuku bastola. Majaji 5 walikubaliana na mlalamishi, 4 wakakataa. Jaji Antonin Scalia aliyeandika kwa niaba ya wengi alisema haki hiyo ni ya mtu binafsi na haihitaji kufungamanishwa na kikosi chochote. Jaji John Paul Stevens alipinga: kwake maneno yale ni nahau ya kijeshi, na haki hiyo inahusu utumishi katika kikosi cha raia. Wasikilize wawili hawa kwa sikio la Kiswahili. Scalia anasema kubeba. Stevens anasema kushika.

Katika kesi hiyohiyo wataalamu watatu wa isimu na Kiingereza, Dennis Baron, Richard Bailey na Jeffrey Kaplan, waliwasilisha maelezo yao mahakamani kuhusu sarufi ya sentensi yenyewe. (Ewe mwanafunzi unayeambiwa kuwa sarufi haina kazi nje ya darasa, soma aya hii mara mbili.) Walieleza kwamba nusu ya kwanza haikuwekwa kuwa pambo, inatoa sababu ya nusu ya pili, na sababu haiwezi kuachwa nyuma. Waliowengi mahakamani hawakuwafuata. Kwa Scalia, nusu ya kwanza inatangaza kusudi lakini haiipunguzi haki iliyotajwa baadaye. Miaka ilivyosonga, matini nyingi za karne ya 18 zikawekwa kwenye kompyuta, na Baron na wengine walipozipekua walikuta kuwa nahau ile ilitumiwa kwa maana ya kijeshi mara nyingi mno kuliko kwa maana ya mtu na bunduki yake. Wanaounga mkono uamuzi hujibu kwamba maandishi yaliyohifadhiwa ni ya serikali na ya vita, kwa hiyo si ajabu yakajaa lugha ya vita; mkulima aliyetoka na bunduki yake asubuhi hakuwa na haja ya kuliandika jambo hilo. Ni hoja ya haki. Mwanaisimu yeyote aliyefanya kazi na hazina ya matini anajua kuwa hazina husema kile kilichotiwa ndani yake.

Ami hakutaka kusikia habari za kompyuta. Alitaka maneno. Basi nilijaribu, nyuma ya risiti, kutafsiri ile sentensi mara mbili. Ya kwanza: "Kwa kuwa kikosi cha raia chenye utaratibu mzuri ni cha lazima kwa usalama wa dola huru, haki ya umma ya kuweka na kushika silaha haitaingiliwa." Ya pili: "Mgambo wenye utaratibu mzuri ni jambo la lazima kwa usalama wa nchi huru. Haki ya watu kuweka na kubeba bunduki haitaingiliwa."

Zote mbili zingepita kwa mhariri yeyote mwenye haraka. Ya kwanza ni hukumu ya Stevens, ya pili ni hukumu ya Scalia. Tofauti imeanza na "kwa kuwa". Sentensi ya Kiingereza imeunganisha nusu zake bila kiunganishi. Imeziweka kando kando na kumwachia msomaji aamue zinahusianaje. Kiswahili hakikupi starehe hiyo. Utatia "kwa kuwa", na sababu itafunga haki. Au utatia nukta, na haki itasimama peke yake. Kisha kuna "umma" na "watu". Umma ni mmoja, ni jumla, hauna kiuno cha kuchomekea bastola. Watu ni mtu na mtu na mtu. Kisha "silaha" na "bunduki". Silaha yaweza kuwa jambia au upinde. Bunduki ni bunduki, ingawa neno lenyewe limesafiri mbali: kwa Kiarabu liliwahi kuitwa tunda la mti, punje ya duara kama njugu, kisha kidonge kilichorushwa kwa upinde, ndipo likafika kwenye chombo chenye mtutu.

Na nimetumia "mgambo" katika tafsiri ya pili kwa makusudi, maana neno hilo ni mtego. Mgambo wa kale ni mbiu, pembe iliyopigwa watu wakusanyike. Likilia la mgambo, husemwa, kuna jambo. Kutoka kwenye pembe neno likahamia kwa watu walioitikia pembe. Tanzania limebaki na heshima yake: mgambo ni raia waliopewa mafunzo na dola. Kwetu Kenya, fungua ukurasa wowote wa habari za usalama uone wanamgambo ni akina nani. Ni wale wanaovuka mpaka kuja kuua watu Lamu, Mandera na Garissa. Mtafsiri wa Nairobi akiandika kwamba katiba ya Marekani inasema wanamgambo ni wa lazima kwa usalama wa nchi huru, msomaji wake atadhani chapa imekosewa. Neno lililokuwa wito wa umma limekuwa jina la anayeushambulia umma. Ukitaka kueleza kwa nini Mmarekani mmoja akisikia nusu ya kwanza ya ile sentensi huona majirani zake, na mwingine huona watu wa kuogopwa, huna haja ya kwenda mbali kuliko safari ya neno mgambo kutoka Dodoma hadi Nairobi.

Umeona, msomaji, kwamba katika yote hayo kitenzi kumiliki hakijatokea? Hakimo katika yale maneno 27. Tumekitoa katika lugha ya magazeti, ambako mwenye bunduki huitwa mmiliki kama mwenye nyumba. Milki ni neno zito. Lina asili ya Kiarabu, na shina lake ndilo linalotupa pia maliki, yaani mfalme. Kinachomilikiwa ni changu hata nikiwa sipo, na anayetaka kukichukua ndiye mwenye kuulizwa. Kuweka ni jambo jingine. Waweza kuweka kitu cha mwenzio. Tunapoandika "haki ya kumiliki bunduki" tunakuwa tumekwisha kumpa Scalia kura ya sita, tena tumeipaka rangi ya mali ambayo hata yeye hakuianza nayo.

Kama madhara yangeishia Marekani ningenyamaza. Lakini sentensi hiyo imerudi nyumbani. Nimeanza kuwasikia Wakenya, katika mijadala ya redio na mezani pa kahawa, wakidai "haki yetu ya kumiliki bunduki", na wanaowapinga nao wanajibu kwa maneno yaleyale. Katiba yetu ya 2010 haina haki hiyo. Inapozungumzia kukusanyika na kuandamana, Kifungu cha 37 kinataka watu wawe na amani na wasiwe na silaha. Kifungu cha 239 kinakataza mtu yeyote kuanzisha jeshi au kikosi mfano wa jeshi cha kujidai kulinda usalama wa taifa, isipokuwa kama Katiba au sheria ya Bunge imeruhusu. Na Sheria ya Silaha, Sura ya 114, tuliyorithi kutoka enzi za Mwingereza, huzungumza kwa lugha ya cheti na leseni. Mwombaji aoneshe sababu nzuri ya kuhitaji bunduki. Afisa aridhike kuwa kumruhusu hakutahatarisha usalama wa umma, na kwamba mwombaji si mlevi wala hana maradhi ya akili.

Haki hudaiwa, leseni huombwa. Ukinyimwa haki, aliyekunyima ndiye mwenye kujieleza. Ukinyimwa leseni, wewe ndiwe uliyeshindwa kueleza. Si tofauti ya wanasarufi hiyo. Tarehe 24 Mei 2022 mtu mmoja aliwaua watoto 19 na walimu 2 katika shule ya msingi huko Uvalde, Texas. Tarehe 23 Juni, kabla hata mwezi haujatimia, Mahakama ya Juu iliamua kesi ya Bruen kwa majaji 6 dhidi ya 3 na kuitupa sheria ya New York iliyomtaka mwombaji aoneshe sababu maalumu ya kutaka kubeba bastola nje ya nyumba yake. Siku mbili baadaye Rais Joe Biden akatia saini sheria ya kukaza masharti ya ununuzi. Wamarekani walivuta kamba pande zote mbili ndani ya wiki moja. Mwezi huohuo wa Juni, kule Ohio anakoishi mpwa wa ami, sheria mpya iliwaruhusu watu wazima wa miaka 21 na zaidi kubeba bastola iliyofichwa bila kibali. Sasa linganisha: kilichotupwa New York ni sharti la mwombaji kutoa sababu. Ndilo sharti letu pia. Mkenya anayesema haki badala ya leseni ameuondoa msingi wa Sura ya 114 kwa neno moja, kabla hajatoa hoja hata moja.

Nao wana hoja. Sitaki nionekane kama ninayedhani kuwa kamusi itawanyamazisha. Biashara Street wapo wafanyabiashara wanaofunga duka magharibi na mauzo ya siku mkobani. Mji huu bado unakumbuka tarehe 13 Agosti 1997, wavamizi walipoingia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua maafisa na kuondoka na bunduki zao. Mwenye duka akikuambia kuwa ikiwa polisi walinyang'anywa kituoni mwao yeye ajilinde na nini, swali lake ni la kweli. Mwenzake wa duka la pili anakumbuka usiku uleule kinyume chake: bunduki zilizohifadhiwa kihalali na serikali ndizo zilizogeuka kuua Likoni, na kila bunduki mpya mtaani ni ya kuporwa kesho. Wote wawili wanastahili kusikilizwa. Kinachowadhulumu ni lugha inayomtangaza mmoja kuwa mwenye haki na mwingine kuwa mnyang'anyi wa haki, kabla hawajafungua mdomo.

Ila magazeti yetu yana kauli moja inayonichekesha kwa uchungu: "bunduki zinazomilikiwa kinyume cha sheria". Mwizi wa ng'ombe hamiliki ng'ombe. Anaye, lakini hammiliki. Mtu atamilikije kinyume cha sheria, na milki yenyewe ni zao la sheria? Mahakama zetu zina kauli bora zaidi, ya kawaida kabisa, ambayo kila mwandishi wa habari za kortini anaijua: "kupatikana na". Alipatikana na bastola. Kitenzi hiki hakisemi lolote kuhusu umiliki wala nia. Kinasema tu kwamba ulipotazamwa, ilikuwepo.

Tena ni kitenzi chenye historia nzito nchini. Dedan Kimathi hakushtakiwa kwa kuongoza vita vya msituni. Wakati wa hali ya hatari Waingereza walikuwa wamefanya kupatikana na bunduki bila idhini kuwa kosa la kunyongwa, na hilo ndilo lililotumiwa. Alihukumiwa Novemba 1956 kwa kupatikana na bastola na risasi, akanyongwa tarehe 18 Februari 1957. Mahakama ilisema alipatikana na. Wakenya walisema alishika. Vitenzi hivyo viwili vilikuwa vikizungumzia chuma kilekile. Anayesema kwamba kuchagua kitenzi ni anasa ya maprofesa, aanzie hapo. Na anayedai kwamba udhibiti wa bunduki daima ni kinga ya wanyonge, naye aanzie hapohapo. Sheria za silaha Kenya zilizaliwa kumdhibiti mtawaliwa, na wimbo wetu wa taifa ulipoitaja haki uliichorea mfano wa zana ya kukinga, si ya kushambulia. Sijui taifa jingine lililojieleza kwa uangalifu huo.

Kuna kundi moja ambalo kwalo vitenzi vyote nilivyotaja havifai. Ni polisi wa akiba wa Baringo, Turkana, Pokot Magharibi na Laikipia, raia wanaopewa bunduki na serikali walinde vijiji na mifugo yao. Mwaka 2019 serikali iliwataka wengi wao warudishe bunduki hizo. Februari 2023, mashambulizi yalipozidi, kaunti 6 za eneo hilo zilitangazwa kuwa zenye vurugu na hatari, jeshi likatumwa, na wenye bunduki haramu wakaamriwa kuzisalimisha. Tangu hapo mjadala wa kuwapa tena bunduki polisi wa akiba haujalala. Habari zao zimeandikwa kana kwamba walikuwa wamiliki walionyang'anywa mali, au wahalifu waliopatikana na silaha. Hawakumiliki, kwa sababu bunduki ni ya serikali. Hawabebi tu, kwa sababu wamepewa kazi. Hawakushika silaha, kwa sababu hawakumwasi mtu. Kiswahili kina neno lao, ni la zamani na kila mfanyakazi wa ghala analitumia: wamekabidhiwa. Kinachokabidhiwa huandikwa, huhesabiwa, na siku ya kurudishwa aliyepokea huulizwa kilivyotumika, naye aliyekabidhi huulizwa alimwacha nani bila ulinzi alipokitwaa. Nimewaomba wahariri wawili ninaowafahamu walijaribu neno hilo katika habari za bonde la Kerio. Mmoja amekubali. Wa pili anasema halitoshei kwenye kichwa cha habari.